Kulielewa Jani: Mwongozo Kamili wa Muundo na Kazi za Majani kwa Wanafunzi na Walimu Wao

Somo la jani hufundishwa mara nyingi kwa mchoro ubaoni. Mwalimu huchora, mwanafunzi hunakili, kisha majina ya sehemu hukaririwa hadi siku ya mtihani. Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo anaweza kutaja epidermisi na stomata bila kusita, lakini ukimpa jani la mwembe na kumuuliza kwa nini upande wa juu unang'aa kuliko wa chini, hana la kusema. Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Unamtaka msomaji ashike majani halisi, ayachunguze kwa mpangilio, na kwa kila sehemu aulize inafanya kazi gani.

Kuna jambo moja linalofaa kuwekwa akilini tangu mwanzo, kwa sababu litaeleza karibu kila kitu kitakachofuata. Jani linahitaji vitu viwili vinavyogombana. Ili litengeneze chakula, ni lazima litandazwe kwenye mwanga na liwe na matundu ya kuingizia hewa ya kabonidayoksaidi. Lakini tundu linaloingiza hewa hutoa maji pia, na jua lile lile linaloleta mwanga hulipasha jani joto na kuyaharakisha maji kutoka. Jani lililofunguka sana hukauka, na lililojifunga kabisa hukosa malighafi ya chakula. Umbo la jani, unene wake, ngozi yake na mahali matundu yake yalipo ni namna mbalimbali za kupatanisha mahitaji hayo mawili.

Hatua ya kwanza: Kukusanya majani

Kusanya majani asubuhi, kabla jua halijawa kali, kwa sababu wakati huo yamejaa maji na hayanyauki haraka. Usichukue mmea mmoja tu. Kwa mazingira mengi ya Afrika Mashariki, majani ya mwembe, muhogo, mahindi, kunde na mwarobaini yanatosha kwa kuanzia, na yote hupatikana karibu na shule au nyumbani. Chuma kila jani pamoja na kikonyo chake chote, na kwa mwembe na mwarobaini kata kipande kifupi cha tawi chenye majani mawili au matatu, kwa maana utahitaji kuona mahali jani linapoungana na tawi. Ukichuma katika shamba la mtu, omba ruhusa.

Tahadhari chache zinafaa hapa. Usichume mnyaa, ule unaopandwa kuwa uzio, kwa kuwa utomvu wake mweupe huumiza macho vibaya. Usionje jani lolote bichi. Hata kisamvu, ambacho ni mboga ya kila siku, kikiwa kibichi kina kemikali zinazotoa sumu ya sianidi, na ndiyo maana hutwangwa na kuchemshwa vizuri kabla ya kuliwa. Nawa mikono baada ya kazi.

Hatua ya pili: Kutambua sehemu za nje

Weka jani la mwembe mezani. Sehemu pana na bapa ndiyo bapa la jani. Mguu mwembamba unaoliunganisha na tawi ni kikonyo. Mstari mnene unaopita katikati ni mshipa mkuu, na kutoka hapo hutawanyika mishipa midogo, ambayo vitabu vingi vya sayansi huiita vena. Ukingo wa jani unaweza kuwa laini, kama wa mwembe, au wenye meno, kama wa vijani vya mwarobaini, na mwisho wa jani ni ncha. Majani mengi ya misitu yenye mvua nyingi yana ncha ndefu iliyochongoka, ambayo husaidia maji kuchuruzika haraka badala ya kutuama juu ya bapa.

Kazi ya bapa ni kupokea mwanga, na ndiyo sababu ni pana na jembamba kwa wakati mmoja. Upana unakusanya mwanga, nao wembamba unahakikisha kwamba mwanga na hewa vinafika kwenye kila seli bila safari ndefu. Majani mengi hayafikii hata unene wa milimita moja. Kikonyo hulisogeza bapa mbali na tawi ili lisifunikwe na majani mengine, na hulielekeza kwenye mwanga. Jambo hili linaonekana vizuri kwenye muhogo, ambao una vikonyo virefu. Utazame mmea huo asubuhi, saa sita mchana na jioni, uchore kila mara namna bapa lilivyokaa. Utagundua kwamba majani hubadilisha mwelekeo kulifuata jua, na siku ya ukame yananing'inia chini, jambo linalopunguza joto yanalopokea.

Mahindi hayana kikonyo. Sehemu ya chini ya jani lake hulizunguka bua na kulikumbatia. Mgomba umelipeleka jambo hilo mbali zaidi: kile tunachokiona kama shina la mgomba si shina la kweli, bali ni sehemu za chini za majani zilizokunjana kwa nguvu, moja ndani ya nyingine. Kata mgomba uliokwisha kuvunwa, uhesabu matabaka hayo kwa macho yako.

Jani moja au majani mengi?

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mwarobaini huonekana kuwa na vijani vingi vidogo vilivyopangwa kwenye kijiti. Je, kila kijani ni jani kamili? Jibu halipatikani kwa kuangalia ukubwa. Tafuta chipukizi. Kila jani la kweli lina chipukizi kwenye kwapa lake, yaani kwenye pembe kati ya kikonyo na tawi. Ukichunguza mwarobaini, utaliona chipukizi pale kijiti kizima kinapoungana na tawi, lakini hutaliona kwenye chanzo cha kijani kimoja kimoja. Kwa hiyo kijiti chote pamoja na vijani vyake ni jani moja, nalo huitwa jani changamano. Mkwaju, mlonge na mgunga ni hivyo hivyo. Kunde na maharage yana jani changamano lenye vijani vitatu.

Sasa linganisha muhogo na mbuyu, kwa sababu yote mawili hufanana na kiganja kilichofunguliwa vidole. Katika jani la muhogo, mikato kati ya vidole haifiki hadi kikonyoni. Vidole vyote vimeungana sehemu ya chini, hivyo hilo ni jani sahili, yaani lenye bapa moja, lililokatika kando. Katika jani la mbuyu uliokomaa, kila kidole kimejitenga kabisa na kinaweza kudondoka peke yake, hivyo hilo ni jani changamano. Kuti la mnazi, licha ya urefu wake wa mita kadhaa, ni jani moja. Mwale, mti wa jamii ya minazi unaoota kwenye mabonde yenye maji, huwa na majani yanayoweza kuzidi mita 10, na ni miongoni mwa mimea yenye majani marefu kuliko yote duniani.

Kugawanyika huku kuna manufaa. Upepo hupita katikati ya vijani bila kuvunja tawi, na vijani vidogo hupoa haraka zaidi kuliko bapa moja kubwa. Mgunga wa nyika kame una vijani vidogo mno, na mingi ya jamii yake hufumba vijani hivyo usiku.

Hatua ya tatu: Kufuatilia mishipa

Inua jani la kunde dhidi ya mwanga wa dirisha, kisha jani la mhindi. Kwenye kunde, mishipa imesukwa wavu wenye matundu madogo madogo. Kwenye mhindi, mishipa hukimbia sambamba kutoka chini hadi nchani. Tofauti hiyo hutenganisha makundi mawili makubwa ya mimea ya maua: mimea ambayo mbegu yake ina ghala mbili, kama kunde, maharage na mwembe, kwa kawaida huwa na wavu, mimea ambayo mbegu yake ina ghala moja, kama mahindi, mpunga, nyasi na mnazi, kwa kawaida huwa na mishipa sambamba. Mgomba uko katika kundi la pili, ila mishipa yake hutoka kwenye mshipa mkuu kwenda pembeni, na ndiyo maana upepo hulichana jani lake katika vipande vilivyonyooka bila kuliua.

Mishipa ina kazi tatu. Hushikilia bapa lisikunjane, huleta maji na madini kutoka mizizini kupitia mirija ya zailemu, na huondoa sukari iliyotengenezwa kupitia mirija ya floemu kuipeleka kwenye mizizi, matunda, mbegu na machipukizi. Muhogo unaochimbwa ardhini umejazwa na kazi ya majani. Wanga ulioko ndani yake ulisafiri kama sukari kupitia floemu ukashuka chini.

Kuona njia ya maji ni rahisi. Weka maji katika glasi, yatie rangi nyekundu ya chakula hadi yakolee, kisha kata upya mwisho wa jani la chainizi lenye mguu mweupe na ulisimamishe ndani yake. Liache karibu na dirisha hadi kesho yake. Rangi itaonekana kwenye mishipa, na ukikata mguu kwa kukingama utaona vidoa vyekundu vilivyopangwa, kila kidoa kikiwa kifungu cha mirija. Jani lililowekwa mahali penye upepo hupandisha rangi haraka kuliko lililowekwa kabatini. Fanya yote mawili kwa pamoja uone, kwa maana tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kinachoyavuta maji kupanda juu. Maji yanapotoka jani kwa mvuke, huvuta maji yaliyo nyuma yake.

Hatua ya nne: Kuingia ndani ya jani

Kwa hatua hii hadubini inahitajika ili kuona vizuri, lakini hata shule isiyo nayo inaweza kuielewa kwa mchoro uliochorwa kwa makini. Mwalimu, si mwanafunzi mdogo, akate kwa wembe mpya vipande vyembamba sana vya jani vikiwa vimebanwa kati ya nusu mbili za karoti, kisha aviweke kwenye slaidi pamoja na tone la maji. Kipande chembamba kinachopitisha mwanga ni bora kuliko kipande kikubwa kizuri kwa macho.

Kutoka juu kwenda chini utakutana kwanza na kutikula, tabaka la nta lisilo na seli, linalozuia maji kutoka na kulifanya jani la mwembe ling'ae. Chini yake kuna epidermisi ya juu, safu ya seli zilizobanana na ambazo hazina rangi ya kijani, hivyo hupitisha mwanga hadi ndani. Kisha zinafuata seli za palisedi, ndefu, zilizosimama wima na kujipanga bega kwa bega, zikiwa zimejaa kloroplasti, yaani chembe za kijani zinazotengeneza chakula. Humo ndimo sehemu kubwa ya chakula hutengenezwa, na kukaa kwake karibu na upande wa juu si bahati, bali ni kwa sababu huko ndiko mwanga unakotoka. Chini ya palisedi kuna seli za sponji, zenye maumbo yasiyolingana na nafasi nyingi za hewa katikati yake. Nafasi hizo huiwezesha kabonidayoksaidi kusambaa hadi kwenye kila seli. Mwisho ni epidermisi ya chini, yenye matundu madogo yaitwayo stomata. Mishipa hupita katikati ya matabaka haya, na ndani ya kila mshipa zailemu hukaa upande wa juu na floemu upande wa chini.

Jani la mwembe ndilo linalofuata mpango huu kwa uaminifu. Jani la mhindi lina sura nyingine: halina mgawanyo ulio wazi wa palisedi na sponji, na seli zenye kloroplasti nyingi huzunguka mishipa kama pete. Mwanafunzi wa sekondari asishangae akikuta tofauti hiyo kwenye hadubini. Mchoro wa kitabu unaonyesha aina moja ya jani, ile inayopatikana kwa wingi.

Hatua ya tano: Kuona stomata, kwa hadubini na bila hadubini

Stomata ndiyo mahali ugomvi kati ya chakula na maji unapoamuliwa. Kila tundu limezungukwa na seli linzi mbili. Maji yakiingia kwenye seli hizo hujaa na kupinda, kwa sababu kuta zake zinazopakana na tundu ni nene kuliko kuta za nje, na kupinda huko hufungua tundu. Maji yakitoka, seli hulegea na tundu hufunga. Katika mimea mingi stomata hufunguka mchana na kufunga usiku, na pia hufunga mchana mmea unapokosa maji. Upande wa chini wa jani mara nyingi huwa na stomata 100 hadi 300 katika kila milimita moja ya mraba, ingawa idadi hutofautiana sana kati ya mimea.

Kwa hadubini, paka rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye eneo dogo la upande wa chini wa jani, iache ikauke kabisa, bandika selotepu juu yake, kisha ibandue polepole. Utando utakaotoka pamoja na selotepu ni chapa ya uso wa jani. Ubandike kwenye slaidi na uutazame kwa ukuzaji wa mara 100, kisha mara 400. Rudia kwa upande wa juu, uhesabu stomata unazoziona katika kila upande, na ulinganishe. Majani yasiyo na manyoya hutoa chapa safi.

Bila hadubini, yako majaribio mawili ambayo nayapenda zaidi kwa sababu hayahitaji chochote cha kununua. La kwanza: tia jani zima la mwembe kwenye maji ya moto sana, yaliyoipuliwa jikoni hivi punde, ulizamishe kwa kijiko, na utazame mara moja. Joto huifanya hewa iliyo ndani ya jani itanuke na kutoka. Mapovu mengi yatajitokeza upande wa chini kuliko wa juu, na huo ni ushahidi wa mahali matundu yalipo. Rudia kwa jani la mhindi, ambalo lina stomata pande zote mbili, uone tofauti. Mtu mzima awepo wakati wote.

La pili: chuma majani manne ya mwembe yanayolingana ukubwa. Paka mafuta ya mgando upande wa juu wa jani la kwanza, upande wa chini wa la pili, pande zote mbili za la tatu, na la nne usilipake kitu. Paka mafuta kwenye kila kikonyo mahali kilipokatwa, kisha yaning'inize yote kwenye uzi mahali pakavu penye kivuli. Baada ya siku kadhaa, jani lisilopakwa na lile lililopakwa juu tu yatakuwa yamekunjamana mapema kuliko mengine mawili. Shule yenye mizani ya maabara iyapime kila siku, iandike uzito kwenye jedwali na kuchora grafu, kwa sababu namba hueleza zaidi kuliko macho.

Hatua ya sita: Kuthibitisha kwamba jani hutengeneza chakula

Watoto wengi, na watu wazima pia, huamini kwamba mmea hula udongo. Katika karne ya 17 Jan Baptista van Helmont, aliyeishi katika nchi inayoitwa sasa Ubelgiji, alipanda mche wa kilo 2 na kidogo kwenye chombo chenye udongo mkavu wa kilo 90 hivi, akaumwagilia maji kwa miaka mitano. Mti ulifikia zaidi ya kilo 70, lakini udongo ulipungua chini ya gramu 100. Yeye alidhani uzito wote ulitokana na maji. Hakujua kwamba sehemu kubwa ilitoka hewani. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz alichapisha ushahidi kwamba mimea husafisha hewa inapokuwa kwenye mwanga, na kwamba ni sehemu za kijani pekee zinazofanya hivyo.

Kazi hiyo huitwa usanisinuru. Klorofili, ile rangi ya kijani iliyomo katika kloroplasti, hunasa nguvu ya mwanga. Kwa nguvu hiyo, molekuli 6 za kabonidayoksaidi na molekuli 6 za maji hutoa molekuli 1 ya glukosi, ambayo ni aina ya sukari, na molekuli 6 za oksijeni. Oksijeni hiyo inatokana na maji. Inafaa kukumbuka kwamba kabonidayoksaidi ni takribani asilimia 0.04 tu ya hewa; ndiyo sababu jani linahitaji upana mkubwa na nafasi nyingi ndani ili kuipata ya kutosha. Glukosi ikizidi mahitaji ya papo hapo, majani mengi huihifadhi kwa muda kama wanga, na wanga huo ndio tunaoupima.

Tumia mmea wa maharage au haibiskasi uliopandwa kwenye kopo. Usitumie jani la kitunguu, kwa kuwa halihifadhi wanga na litakupa jibu la kupotosha. Uweke mmea kwenye kabati lenye giza kwa saa 48 ili wanga wote uliomo utumike. Kisha funika sehemu ya jani moja, bila kulichuma, kwa kipande cha karatasi nyeusi pande zote mbili, ukikibana kwa klipu, na uweke mmea juani kwa saa sita hivi.

Chuma jani hilo, ondoa karatasi, na ulichovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja ili kuziua seli na kulilainisha. Zima moto kabisa. Hapa pana hatari ya kweli: spiriti hushika moto kwa urahisi, kwa hiyo isiwekwe kamwe karibu na mwali. Tia jani kwenye neli au glasi ndogo yenye spiriti, kisha isimamishe glasi hiyo ndani ya sufuria ya maji ya moto iliyokwisha kuipuliwa. Spiriti safi huchemka kwenye nyuzi joto 78 hivi, kwa hiyo maji ya moto yanatosha kuipasha. Rangi ya kijani itahamia kwenye spiriti na jani litapauka. Maji yakipoa kabla ya hapo, yabadilishe. Jani linapotoka kwenye spiriti huwa kavu na huvunjika, basi lisuuze kwenye maji ya uvuguvugu ili lilainike, litandaze kwenye sahani nyeupe, na ulidondoshee iodini.

Sehemu iliyopata mwanga itageuka buluu iliyokolea hadi nyeusi, rangi inayoonyesha wanga. Sehemu iliyofunikwa itabaki na rangi ya kahawia ya iodini. Jani moja limekuwa jaribio na kielelezo cha kulinganishia kwa wakati mmoja, na hilo ndilo linaloufanya ushahidi uwe imara. Ukilifanyia hivyo hivyo jani la haibiskasi lenye mabaka meupe na ya kijani, bila kulifunika, mabaka meupe hayatageuka nyeusi, na utakuwa umethibitisha kwamba klorofili pia ni lazima. Chora jani hilo kabla ya kulichemsha, kwa sababu baada ya spiriti hutajua tena mabaka yalikuwa wapi.

Jambo moja halina budi kusemwa wazi. Mmea hupumua mchana na usiku, ukitumia oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi, sawa na viumbe wengine. Mchana usanisinuru huzidi upumuaji, hivyo oksijeni inayotoka ni nyingi kuliko inayotumika. Kuandika kwenye mtihani kwamba mimea hupumua usiku tu ni kosa.

Hatua ya saba: Kupima maji yanayopotea

Funga tawi lenye majani ya mti uliosimama juani ndani ya chombo kinachoonyesha. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, kwa hiyo tumia chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa kitako, uingize tawi na kuziba kwa kitambaa na selotepu. Funga chupa nyingine kwenye tawi lililoondolewa majani. Baada ya saa mbili au tatu matone yataonekana katika chupa ya kwanza. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayonyonywa na mizizi hupotea kwa njia hii. Upotevu huo si hasara tupu, kwa maana hupandisha madini na kulipoza jani, lakini wakati wa ukame unaweza kuua mmea.

Namna majani mbalimbali yanavyopunguza hasara hiyo ni sehemu tajiri kuliko zote za somo hili. Jani la mhindi hujikunja kwa urefu mchana wa kiangazi, na mkulima akiliona hivyo hujua shamba lina kiu. Mbuyu hudondosha majani yote msimu wa ukame. Dungusi imegeuza majani yake kuwa miiba na kuliachia shina la kijani kazi ya usanisinuru. Mshubiri huhifadhi maji ndani ya jani nene. Mkonge na nanasi hufungua stomata usiku, wakati hewa imepoa, huhifadhi kabonidayoksaidi kama asidi ndani ya seli, na kuitumia mchana stomata zikiwa zimefungwa. Yungiyungi, ambalo jani lake huelea juu ya maji, lina stomata upande wa juu, kwa sababu chini hakuna hewa. Mchu, unaoota kwenye mikoko ya pwani, hutoa chumvi kupitia majani yake, na siku kavu chembe zake nyeupe huonekana kwa macho.

Majani mengine yamechukua kazi mpya kabisa. Sehemu nene za kitunguu tunazokatakata ni majani ya kuhifadhia chakula. Kamba nyembamba ambazo njegere hujishikizia ni sehemu za jani. Kifauwongo hufumba vijani vyake kikiguswa, kwa sababu maji hutoka ghafla kwenye seli zilizoko kwenye maungio ya vijani.

Hatua ya nane: Kuchora, kuhifadhi na kulinganisha

Chora kwa penseli iliyochongwa, mchoro mkubwa unaojaza nusu ya ukurasa, kwa mistari isiyokatika na bila kivuli. Mistari ya majina ipigwe kwa rula, isikatane, na iguse sehemu inayotajwa. Andika kichwa kinachotaja mmea na upande uliochorwa, na kiwango cha ukuzaji, ambacho hupatikana kwa kugawa urefu wa mchoro kwa urefu wa jani halisi.

Ili kuhifadhi majani, yatandaze kati ya kurasa za magazeti makavu, yabane kwa matofali au vitabu vizito, na ubadilishe magazeti kila siku kwa wiki ya kwanza ili yasiote ukungu. Kwenye kila jani bandika karatasi yenye jina la mmea, mahali, tarehe, na kama liliota juani au kivulini.

Usiliache hilo la mwisho. Chuma kwenye mwembe mmoja majani kumi kutoka upande unaopigwa na jua na kumi kutoka ndani ya kivuli cha matawi, yote yakiwa yamekomaa, uyapime urefu na upana. Yale ya kivulini kwa kawaida huwa mapana na membamba zaidi; ya juani huwa madogo na manene, yenye palisedi iliyokolea. Mti ni mmoja na mbegu ilikuwa moja, hivyo tofauti unayoipima kwa rula imetokana na mwanga na maji ambayo kila jani lilipata lilipokuwa likikua.